Begi Lilibaki Palepale

Basi liliondoka Mwanza, stendi ya Nyegezi, saa 12 asubuhi. Nilikaa dirishani, kiti cha nne kutoka kwa dereva. Ilikuwa mwaka 2014. Begi la nguo lilikuwa kwenye buti, limebandikwa namba. Begi la kompyuta lilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa changu, na kila nikiinua macho nililiona. Nililitazama Shinyanga, nikalitazama tena Nzega. Tulipoingia Singida saa 7 mchana, kondakta alitangaza dakika 20 za kula. Nikashuka na pochi na simu, nikanunua kuku wa kienyeji kama wafanyavyo abiria wengi wa njia ile, nikarudi. Begi lilikuwepo. Mbele ya Manyoni basi lilisimama porini tuchimbe dawa, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Nikarudi, begi lilikuwepo. Niliteremka Ubungo saa 5 usiku nikiwa nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Nililifungua asubuhi. Lilikuwa begi langu kabisa, zipu ileile iliyolegea, karatasi yenye jina langu bado imo kwenye mfuko wa pembeni. Ndani mlikuwa na kipande cha ubao kilichoviringishiwa magazeti ya zamani.

Kompyuta ilikuwa ya ofisi. Sauti zilizokuwa ndani yake hazikuwa za ofisi wala zangu. Kwa wiki mbili nilikuwa nimezunguka mialo ya Ziwa Victoria, kule samaki wanakoshushwa, nikizungumza na wachuuzi wa dagaa kuhusu jambo ambalo kila mtu wa mwaloni analijua na wachache wanalisema: mwanamke kutakiwa atoe mwili wake ndipo auziwe samaki. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, kwa Waluo wa Kenya, jambo hilo lina jina, jaboya. Wanawake 14 walikubali kusema. Baadhi yao walitaja wanaume kwa majina, na wanaume hao wanaishi nao kijiji kimoja. Niliwaahidi kwamba hakuna atakayezisikia sauti zile zaidi yangu. Diski niliyonakilia kila kitu kwa usalama ilikuwa ndani ya begi hilohilo, mfuko wa mbele.

Polisi nilikwenda asubuhi ileile. Askari aliyenihudumia alikuwa mtu muungwana. Aliniuliza nimeibiwa wapi, nikashindwa kumjibu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam basi hupita Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Morogoro na Pwani. Pamoja na Mwanza na Dar es Salaam zenyewe ni mikoa minane, nami sikuweza kusema ni mkoa gani mkono wa mtu uliingia begini mwangu. Akaandika "njiani". Nikapewa namba ya RB, yaani ya ripoti yangu kituoni, nikaenda nayo kazini.

Siku ya tatu nilikabidhiwa barua ya kunitaka nijieleze kwa maandishi. Ina maswali tisa, na ninayo mpaka leo. Kwa nini begi liliwekwa kwenye rafu? Kwa nini nilishuka Singida? Kwa nini sikulikagua nilipofika Ubungo? Nilijibu yote, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyojiona mkosaji. Mwisho wake niliwekewa karatasi mezani, nikatia sahihi bila kuisoma vizuri, nikakatwa mshahara kwa miezi 10. Sikumwambia mtu. Mama yangu alijua baada ya miaka miwili, tena kwa bahati mbaya.

Baadaye sana nilikuja kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 28 kinazungumzia makato ya mshahara, na laiti ningekijua siku ile. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi fedha za kufidia hasara kwa kuwa tu kitu kimepotea mikononi mwake. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi alivyokipiga hesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Yasome tena maneno yale, kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Kuibiwa si kosa. Aliyelala kidogo baada ya saa nane za kukaa kitini hajafanya uzembe. Mwili wake umefanya kile ambacho kila mwili hufanya.

Nimeandika habari za safari kwa miaka mingi, na kila ninapomsikiliza mfanyakazi aliyeibiwa njiani, iwe ni muuguzi, mkaguzi wa hesabu au fundi wa minara ya simu, nasikia aibu ileile. Anaanza kwa kujitetea kabla sijamuuliza. Mtu aliyevunjiwa nyumba hupewa pole. Aliyeibiwa akiwa na masurufu ya ofisi hutazamwa usoni, kisha hutazamwa tena, watu wakipima kama kweli aliibiwa. Ndiyo sababu wengi hawaripoti. Wanakopa, wanaziba pengo, wanarejesha masurufu yakiwa kamili. Mwenzao anayesafiri njia ileile wiki ijayo anapanda basi lilelile na watu walewale, na hakuna aliyemwonya.

Wezi wa stendi wanatujua vizuri. Mtu aendaye kijijini kwao kusalimia wanamtambua, na aendaye kikazi wanamtambua zaidi. Tunawasaidia sisi wenyewe: kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni tangu nyumbani, begi la semina limeandikwa ubavuni jina la mradi, mwaka na mji mkutano ulikofanyika. Begi la namna hiyo linatangaza kwamba mwenye nalo amelipwa posho. Halafu tunazungumza kwenye simu. Nimewasikia watu kwenye viti vya kusubiria katika Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis wakitaja hoteli waliyowekewa, siku watakazokaa na vifaa walivyobeba, kwa sauti ya kumshinda mpiga debe. Wenye magari ya ofisi nao wasijione wamesalimika. Gari lenye nembo mlangoni likiegeshwa nje ya mgahawa, kompyuta ikiachwa kwenye kiti cha nyuma, kioo kinavunjwa kabla chai haijapoa.

Kuna kitabu kimoja ambacho nadhani kimewaponza wasafiri wengi bila wao kujua, nacho ni kile cha mapokezi ya gesti. Ni daftari kubwa lenye mistari: jina, kazi, utokako, uendako, chumba namba ngapi, sahihi. Lina sababu yake. Polisi hulikagua, na limewahi kusaidia kupata watu waliokuwa wanatafutwa. Tatizo ni kwamba linakaa wazi kaunta usiku na mchana. Anayeandikishwa baada yako anasoma habari zako zote wakati kalamu iko mkononi mwake: fulani, mhasibu, ametoka Dar es Salaam, anakwenda Kahama, chumba namba 6, peke yake. Siku hizi nikifika mapokezi naomba mambo mawili. "Dada, naomba funika mistari ya juu kwa karatasi wakati naandika, na nikimaliza uwafunikie wenzangu ya kwangu. Namba ya chumba usiitaje kwa sauti, nionyeshe tu ufunguo." Sijawahi kukataliwa. Mara moja, Shinyanga, binti wa mapokezi alinijibu, "Kumbe ni kweli mama, sijawahi kufikiria," akachukua kalenda ya zamani akaikata papo hapo.

Chumbani naangalia komeo kabla ya kuangalia bafu. Mlango ukiwa na kitasa tu, naomba chumba kingine hata kama shuka za hiki ni nzuri kuliko za kile. Dirisha linalotazama ukuta wa jirani silipendi. Mtu akigonga usiku akasema ni mhudumu, simfungulii mpaka nimepiga simu mapokezi nikasikia kwamba wamemtuma.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni chakula cha njiani, kwa sababu hapo mwizi hutumia wema wetu.

Safari ya kutwa nzima huwafanya majirani wa kiti kuwa ndugu. Mtu akifungua mfuko wa karanga anasema karibu, na tumelelewa kwamba anayekaribishwa akakataa bila hata kuonja ana dharau, au ana jambo moyoni. Hapo ndipo anapoingia mwenye biskuti. Anaweza kuwa mama wa makamo mwenye kitenge kizuri. Anaweza kuwa kijana anayekuita "aunt" na kukusaidia kupandisha mzigo. Huenda biskuti ya kwanza anakula yeye. Makondakta wengi hutangaza kabla ya basi kuondoka kwamba abiria asipokee chakula wala kinywaji kwa mtu asiyemfahamu, na tangazo hilo tumelisikia mara nyingi mpaka limekuwa kama ngurumo ya injini. Kufikia Chalinze tumekwisha kulisahau.

Nairobi wameupa wizi huu jina, "mchele". Mtu anawekewa mchele kwenye kinywaji baa au hotelini, anazinduka kesho yake kwenye chumba kitupu, simu hakuna, akaunti imekaushwa. Wasafiri wa kikazi ni windo la mbele, kwa kuwa jioni wako peke yao, katika mji wasioujua, na wana fedha za kujikimu. Dawa zinazotumika mara nyingi ni za kundi la benzodiazepini, ambazo hospitali huwapa wagonjwa wa wasiwasi, kifafa au kukosa usingizi. Hulegeza misuli, huleta usingizi, na kubwa zaidi huizuia akili kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mtu aliyelishwa anaweza kuonekana akitembea, akijibu maswali, akisimama mbele ya mashine ya ATM na kubonyeza namba yake ya siri kwa vidole vyake mwenyewe, kisha asikumbuke hata dakika moja ya yote hayo. Kamera inamwonyesha peke yake. Watu wanasema, alitoa mwenyewe. Nawaomba wanaofanya uchunguzi wa matukio haya, maofisini na kwenye mabenki, walielewe jambo hili kabla hawajaandika neno lolote juu ya mtu. Kutokumbuka kwake ndiyo kazi ya dawa ile. Si uongo, wala si kukiri.

Ukimkuta abiria hazinduki, usiache basi liendelee eti amechoka. Mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie, na apelekwe hospitali iliyo karibu, kwa maana dawa hizi zikikutana na pombe zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu afe. Damu na mkojo vichukuliwe mapema. Siku tatu zikipita, vipimo vingi haviwezi tena kuona kitu. Fomu ya PF3 ya polisi ishughulikiwe na mwenzake wakati mgonjwa anahudumiwa.

Kuhusu adabu, nimejiwekea utaratibu wangu. Nanunua karanga, maji na ndizi kabla sijapanda, na ninapofungua mfuko nakuwa wa kwanza kusema karibu. Jirani akikataa nampongeza kimoyomoyo. Akinikaribisha yeye, namwambia, "Ahsante mama, njiani sili cha mtu, hata cha ndugu yangu sili," naye kwa kawaida hucheka akaendelea kula. Chupa ya maji niliyoiacha kitini nikaenda kuchimba dawa siinywi tena, namimina nje. Wazee wetu walitufundisha ukarimu katika vijiji ambako mtu alijua babu wa kila mtu. Naamini wangekuwepo stendi leo wangetufundisha vingine, na wasingeona kwamba tumewavunjia heshima.

Simu ilikuwa kitu cha kupigia. Tangu huduma za fedha zilipoingia, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imekuwa pochi, kabati na mara nyingine benki nzima ya mtu, na bado tunaishika mkononi karibu na dirisha lililo wazi basi linapopunguza mwendo stendi. Wengi wanadhani namba ya siri ya huduma ya fedha inatosha. Mwizi hahangaiki nayo. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na ujumbe wa kuthibitisha unaotoka benki au kwenye barua pepe unakwenda kwake. Kinga ni PIN ya laini yenyewe, ile ambayo simu inaiuliza inapowashwa. Akikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai PUK. Ni kazi ya dakika mbili kwenye mipangilio ya simu, nami sijaona mtu mmoja katika kumi aliyeifanya. Bonyeza pia *#06#, ziandike tarakimu 15 zitakazotokea, uziache nyumbani, polisi watakuuliza. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa Tanzania mwaka 2020, mtu anaweza kurudishiwa laini yake katika mji wowote akiwa na kidole chake na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo za kukariri zinabaki 12.

Namba ya nani unaikumbuka kichwani? Fikiria unaulizwa swali hilo ukiwa Makambako saa 3 usiku, simu imeibiwa na namba zote zilikuwa humo. Mtu wa kwanza kupigiwa anapaswa kuwa wa ofisini, kwani kabla saa moja haijapita wenzako wataanza kupata ujumbe kutoka kwenye namba yako: nimepata matatizo stendi, nitumie chochote kwa namba hii. Nao watatuma, kwa sababu wanakupenda.

Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, zuio lililokuwepo tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na utekaji. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza uamuzi huo bungeni mwezi Juni. Wafanyabiashara walifurahi, nami naelewa, siku nzima ya kazi iliokolewa. Ila maofisini nimeona kitu kingine. Zamani bosi alilazimika kukupa siku ya kusafiri, kwa kuwa hakukuwa na namna. Sasa unaambiwa utoke kazini jioni, upande basi la usiku, mkutano ni saa 3 asubuhi. Posho ya kulala usiku mmoja imeokolewa. Mfanyakazi anashuka saa 9 usiku katika mji asioujua, macho mekundu, begi begani, na wa kwanza kumkaribisha ni dereva wa teksi bubu. Dar es Salaam imepata kuona abiria wa teksi za namna hiyo wakifungiwa milango, watu wawili wakiongezeka njiani, wakazungushwa kutoka mashine moja ya ATM hadi nyingine mpaka kadi ikatae. Wengine hupokewa na pikipiki yenye watu wawili, hao wanaoitwa vishandu, wa nyuma akinyoosha mkono kukwapua mkanda wa begi. Hapo sina ushauri mrefu. Liachie. Mkanda ukizungushwa mkononi au shingoni, mwenye begi huburutwa nalo barabarani.

Ukishuka usiku wa manane, kaa ndani ya stendi mpaka kupambazuke, karibu na kituo cha polisi au na mama anayeuza chai. Akina mama hao wanajua nani ni nani pale stendi kuliko mlinzi mwenye sare. "Mama, naomba nikae hapa kwako mpaka asubuhi," inatosha.

Lakini narudi kwa mwajiri aliyekutuma. Miaka ya 2000 mabasi ya Kigoma yanayopita Nyakanazi na Kibondo yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye silaha, kwa sababu majambazi walikuwa wakiyasubiri msituni. Hakuna aliyemwambia abiria wa Kigoma kwamba usalama wake ni ujanja wake. Ilieleweka kwamba barabara ile ina hatari inayomzidi mtu mmoja, na wenye wajibu wakapanda basi pamoja naye. Ndivyo ninavyotaka ofisi zifikiri. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, mjini Geneva mwezi Juni 2019, liliandika katika kifungu cha 3 kwamba mkataba huo unahusu pia yanayotokea katika safari za kikazi. Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo inamhusu anayeumia akiwa kwenye majukumu ya mwajiri wake, popote majukumu hayo yalipompeleka. Kwa hiyo chumba chenye kitasa kibovu ambamo ofisi imekulaza kwa kuwa ni cha bei nafuu ni suala la kazi. Saa utakayoshuka stendi ni suala la kazi. Kwa mwanamke anayetumwa peke yake haya hayahitaji kuelezwa, tunayapiga hesabu tangu tunapoambiwa tarehe.

Na yale tuliyobeba ya watu wengine? Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taasisi inayokusanya habari za watu inawajibika kuzilinda zisiibwe wala zisivuje. Ofisi inayomkabidhi mtafiti kompyuta ambayo diski yake haijafungwa kwa usimbaji, ili mwizi asiweze kusoma kitu bila neno la siri, imewaweka hatarini watu ambao hawakupanda basi lile. Siku hizi sauti ninazorekodi nazipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni kila jioni kabla sijalala, nikihakikisha zimefika nazifuta kwenye simu na kompyuta. Mtandao ukikosekana, diski ya akiba naivaa mwilini, kwenye kifuko chini ya nguo.

Miezi mitatu baada ya wizi ule nilirudi ziwani, kwa nauli yangu. Nilitaka wanawake wale wasikie kutoka kwangu, kabla hawajasikia kutoka kwa mtu mwingine, kwamba sauti zao ziko mikononi mwa mtu nisiyemjua. Niliwapata 11. Wawili walikuwa wamehamia visiwani, mmoja hakutaka kuniona, na sikumlaumu.

Yule niliyemwogopa zaidi ndiye aliyekuwa ametaja majina mengi. Nilimkuta mwaloni akigeuza dagaa kwa fagio juu ya mchanga, jua likiwa kali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi?"

Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, rafu, Singida, Manyoni, ubao na magazeti. Aliacha kugeuza. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

"Na wewe? Hawakukuumiza?"

Nikamwambia hapana, hawakunigusa.

"Hawakukupa kitu ukanywa?"

"Hapana mama."

Akavuta ndoo tupu, akaigeuza kitako juu, akaipangusa kwa upande wa kanga yake, akanionyesha nikae. Akaniuliza kama nina daftari. Nilikuwa nalo.

"Majina safari hii usiandike," akasema. "Mengine yote nitayarudia."

Akaketi mchangani, akaanza tangu mwaka aliofika mwaloni pale na ndoo moja ya kuazima.